Shilingi 110 kwa Kipimo: Hesabu ya Ubora katika Maabara za Nakuru

Maabara ya hospitali inapoomba ithibati, swali la kwanza kutoka kwa wasimamizi wa fedha huwa bei ya cheti. Swali ni halali, lakini linagusa sehemu ndogo ya gharama. Hesabu zilizo hapa, zilizojengwa kwa mfano wa maabara ya hospitali ya kaunti ndogo katika Nakuru, zinaonyesha kuwa ada ya ithibati ni kama asilimia 9 ya fedha zinazotumika kwa mwaka kusimamia ubora. Asilimia 91 iliyobaki ni kazi ya kila siku, na mgonjwa anaidai hata kama hakuna mkaguzi atakayebisha hodi.

Kabla ya shilingi, tutenganishe karatasi tatu ambazo huchanganywa. Ya kwanza ni leseni. Bodi ya KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, husajili wataalamu wa maabara na maabara zenyewe; bila leseni, maabara haina ruhusa ya kufanya kazi. Ya pili ni nyota za SLIPTA, mpango uliozinduliwa Kigali mwaka 2009 na Ofisi ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ili kupima hatua za maabara zinazoelekea kwenye ithibati. Ya tatu ni ithibati yenyewe, yaani tamko la chombo huru kwamba maabara ina umahiri wa kufanya vipimo vilivyotajwa, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 15189. Kiwango hicho kilitoka mara ya kwanza mwaka 2003, na toleo linalotumika sasa ni la 2022. Nchini Kenya chombo cha taifa cha ithibati ni KENAS, kilichoanzishwa mwaka 2009 na kupata sheria yake mwaka 2019.

Neno la kuzingatia ni "vilivyotajwa". Ithibati hutolewa kwa orodha ya vipimo, haitolewi kwa jengo. Maabara inayofanya vipimo 60, ambayo orodha yake ya ithibati ina vipimo 15, imethibitishwa kwa asilimia 25 ya kazi yake. Cheti kilichoning'inizwa mapokezi hakimwambii mgonjwa kama kipimo alichoandikiwa leo ni kimoja kati ya hivyo 15. Anayetaka kujua aombe orodha.

Nyota zinapimwaje

Orodha ya ukaguzi ya SLIPTA ya mwaka 2015 ilikuwa na alama 275 katika sehemu 12. Maabara iliyopata chini ya asilimia 55 haikupewa nyota. Nyota moja ilianzia alama 151, nyota nne alama 233, na nyota tano alama 261, yaani asilimia 95. Mpangilio huu ni mzuri kwa kufuatilia maendeleo: maabara iliyotoka alama 120 hadi 210 imepiga hatua inayoonekana.

Hata hivyo, mgao wa alama unastahili kuangaliwa. Sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa ya majengo na usalama, alama 43, sawa na asilimia 15.6. Vifaa vilikuwa na alama 35. Udhibiti wa mchakato, ambamo mna ukusanyaji wa sampuli, udhibiti wa ubora wa kila siku na upimaji linganishi kutoka nje, ulikuwa na alama 32, sawa na asilimia 11.6. Huduma kwa wateja ilikuwa na alama 10.

Tufanye utoaji mmoja. Maabara iliyokosa alama zote 32 za udhibiti wa mchakato na kupata nyingine zote ingebaki na 243. Hiyo ni asilimia 88.4, na kwa jedwali la 2015 ni nyota nne. Katika hali halisi ni vigumu maabara iwe na mpangilio huo, kwa sababu anayezembea kwenye kontroli huzembea na kwingine. Lakini hesabu inaonyesha kikomo cha nyota: jumla inaweza kuficha pengo. ISO 15189 haina jumla. Kila dosari iliyoandikwa na mkaguzi lazima ishughulikiwe kabla ya ithibati kutolewa, na alama nzuri za usalama hazifidii kontroli isiyoendeshwa.

Ukubwa wa kazi iliyobaki unaonekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu nchi 49 za Afrika kusini mwa Sahara. Ulipata maabara za tiba 380 zenye ithibati ya kimataifa. Asilimia 91 zilikuwa Afrika Kusini, yaani kama 346. Zilizobaki, kama 34, ziligawanyika katika nchi 11. Nchi 37 hazikuwa na hata moja. Idadi imeongezeka tangu wakati huo, Kenya ikiwemo, lakini mwanzo ulikuwa huo.

Gharama ya mwaka mmoja

Sasa mfano wetu. Maabara inafanya vipimo 200 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, jumla vipimo 60,000. Kiasi cha fedha kilicho hapa chini ni makadirio ya kufanyia hesabu, si bei ya muuzaji au hospitali yoyote. Mwenye takwimu zake azibadilishe. Njia ya hesabu haibadiliki.

- Kontroli, yaani sampuli zenye majibu yanayojulikana za kujaribia mashine: Sh1,800,000
- Kandarasi za matengenezo ya mashine: Sh1,500,000
- Mshahara wa afisa wa ubora, Sh100,000 kwa mwezi: Sh1,200,000
- Upimaji linganishi kutoka nje: Sh600,000
- Ada za ithibati na gharama za wakaguzi: Sh600,000
- Kusawazisha pipeti, mizani, friji na vipimajoto: Sh500,000
- Mafunzo, nyaraka na ukaguzi wa ndani: Sh400,000

Jumla ni Sh6,600,000. Gawanya kwa vipimo 60,000, unapata Sh110 kwa kipimo. Katika hizo, Sh10 ni za ithibati na Sh100 ni za kazi ya ubora yenyewe.

Dhana moja humu inahitaji kuhojiwa. Nimehesabu kandarasi za matengenezo zote kuwa gharama ya ubora, ingawa hospitali inayotaka mashine yake iendelee kufanya kazi ingezilipa hata bila ISO. Tukiziondoa, jumla inashuka hadi Sh5,100,000, sawa na Sh85 kwa kipimo, na ada ya ithibati inapanda hadi asilimia 11.8. Kwa vyovyote vile inabaki karibu sehemu moja ya kumi. Anayeahirisha ithibati kwa kisingizio cha ada anajadili Sh10. Anayeahirisha kontroli anajadili uhalali wa majibu.

Maabara ndogo hulipa zaidi

Gharama ya kontroli hufuata siku na idadi ya aina za vipimo. Idadi ya wagonjwa haiigusi sana. Mashine ya kemia inayopima vitu 20, kwa viwango viwili vya kontroli kila asubuhi, inatoa majibu 40 ya kontroli kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kwenye maabara ya vipimo 200 kwa siku, kontroli ni 40 kati ya 240, yaani asilimia 16.7. Kwenye kituo cha vipimo 30 kwa siku, ni 40 kati ya 70, yaani asilimia 57. Hata kituo hicho kikipunguza vipimo hadi aina 10, kontroli zitakuwa 20 kati ya 50, sawa na asilimia 40.

Kwa mwaka, kituo hicho kidogo kina vipimo 9,000. Tuseme kimeweza kupunguza gharama zote za ubora kwa nusu, hadi Sh3,300,000. Kipimo kimoja kinabeba Sh367, zaidi ya mara tatu ya Sh110. Gharama imepungua kwa asilimia 50 ilhali vipimo vimepungua kwa asilimia 85.

Njia inayopendekezwa mara nyingi ni kupeleka sampuli kwenye maabara kubwa. Mwendesha pikipiki akilipwa Sh1,500 kwa siku pamoja na mafuta, mwaka mzima ni Sh450,000, sawa na Sh50 kwa kila kipimo kati ya 9,000. Ongeza Sh110 za maabara kubwa, unapata Sh160. Karatasi inasema tumeokoa Sh207 kwa kipimo. Karatasi hiyo bado haijahesabu muda wa safari.

Saa tatu za glukosi

Chukua sampuli ya damu iliyotolewa Olenguruone saa tatu asubuhi na kufika Nakuru mjini saa sita, bila kutenganishwa seli na majimaji. Seli za damu huendelea kula glukosi ndani ya chupa, kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la kawaida la chumba. Tuchukue asilimia 6. Mgonjwa aliyefunga usiku kucha ana glukosi ya milimoli 7.4 kwa lita; kiwango cha kutambua kisukari kwa aliyefunga ni 7.0. Baada ya saa moja inasomeka 6.96. Baada ya saa mbili 6.54. Inapoingia kwenye mashine ni 6.15. Mashine imesawazishwa, kontroli zimepita, majibu ni sahihi kwa kilichomo kwenye chupa, na mgonjwa wa kisukari ameambiwa hana kisukari.

Chupa yenye kizibo cha kijivu, iliyotiwa sodiamu floridi, husaidia, lakini kemikali hiyo huchukua saa moja au zaidi kuzuia ulaji huo kikamilifu. Kinga ya uhakika zaidi ni kuzungusha sampuli kwenye sentrifuji na kutenganisha majimaji kabla ya safari. Kwa hiyo kituo kidogo kinahitaji sentrifuji, umeme na mtu aliyefunzwa. Sehemu ya zile Sh207 inarudi huko.

Tatizo hili lina takwimu zake. Hospitali moja ya Padova, Italia, ilihesabu makosa ya maabara yake mara mbili. Utafiti wa 1997 ulipata makosa 189 katika vipimo 40,490, sawa na asilimia 0.47. Ule wa 2007 ulipata 160 katika vipimo 51,746, sawa na asilimia 0.31. Katika ule wa pili, asilimia 61.9 ya makosa yalitokea kabla sampuli haijaingia kwenye mashine, asilimia 15 wakati wa kupima, na asilimia 23.1 baada ya kupima.

Viwango hivyo vya Padova vikitumiwa kwa vipimo 60,000 vya mfano wetu, tunapata makosa 186 kwa mwaka: 115 kabla ya mashine, 28 kwenye mashine, 43 baada yake. Yachukuliwe kama kiwango cha chini. Padova ilihesabu makosa yaliyogunduliwa tu, katika hospitali yenye mifumo imara. Lakini mgao unafaa kulinganishwa na bajeti yetu. Kontroli na kandarasi za mashine zinakula Sh3,300,000, nusu kamili ya fedha, kulinda eneo lenye asilimia 15 ya makosa. Mafunzo, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo yanayogusa mtu anayetoa damu, kubandika jina na kupokea sampuli, yana Sh400,000 pamoja na nyaraka na ukaguzi wa ndani, asilimia 6.

Kuna pingamizi moja la haki kwa ulinganisho huu: asilimia 15 ni ndogo kwa sababu kontroli zipo. Ziondolewe, na sehemu hiyo itakua. Hoja basi haiishii kwenye kupunguza kontroli. Inaishia kwenye kuongeza fedha mahali ambapo sampuli inaanzia.

Chati isiyo na doa

Namna mojawapo ya kujua kama kontroli zinaendeshwa kweli ni kuangalia chati zake. Kila asubuhi jibu la kontroli huwekwa nukta kwenye chati yenye mstari wa wastani katikati na mipaka juu na chini. Mipaka hupimwa kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi majibu ya sampuli ileile yanavyotawanyika kuzunguka wastani. Levey na Jennings waliingiza chati hii maabarani mwaka 1950, na mwaka 1981 James Westgard na wenzake wakachapisha kanuni za kuisoma.

Kwa mashine iliyo sawa kabisa, asilimia 95.45 ya nukta hukaa ndani ya mikengeuko miwili, na asilimia 4.55 hutoka nje kwa bahati tu. Kwa majibu 40 kila asubuhi, tutarajie nukta 1.8 nje ya mpaka huo. Uwezekano wa zote 40 kubaki ndani ni asilimia 15 hivi. Kwa siku 22 za kazi kuna nukta 880, na zinazotarajiwa kutoka nje ni kama 40.

Kutoka hapo tunapata mambo mawili. Kwanza, maabara inayorudia kontroli kila nukta inapovuka mikengeuko miwili itarudia karibu kila siku, na vitendanishi itakavyomwaga vina bei. Kwa mpaka wa mikengeuko mitatu, nukta ya bahati hutokea mara moja kwa siku 9 hivi. Ndiyo sababu kanuni za Westgard hutumia mpaka wa mikengeuko miwili kama onyo na kuangalia mfululizo wa nukta kabla ya kuisimamisha mashine. Pili, faili lenye nukta 880 bila hata moja nje ya mikengeuko miwili linahitaji maelezo. Huenda maabara imetumia mipaka ya mtengenezaji, ambayo kwa kawaida ni mipana kuliko mtawanyiko wake halisi. Huenda majibu yasiyopendeza hayakuandikwa. Mipaka hiyo mipana hurekebishwa kwa kikokotoo. Majibu yaliyofichwa yanahitaji kazi ya uongozi.

Bei ya jibu lisilo sahihi

Upande wa pili wa mizania ni hasara ya majibu mabaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu vituo vya afya vya Kenya ulipata kwamba upimaji wa kawaida wa malaria kwa hadubini ulitambua asilimia 68.6 ya wenye malaria, na kuwaondoa kwa usahihi asilimia 61.5 ya wasio nayo.

Nakuru iko katika ukanda wa hatari ndogo ya malaria. Tuseme kati ya wagonjwa 1,000 wenye homa, 20 wana malaria kweli. Kwa viwango vya 2006, 14 wangetambuliwa na 6 wangekosekana. Kati ya 980 wasio na malaria, 377 wangeambiwa wanayo. Majibu chanya ni 391, na ya kweli ni 14, sawa na asilimia 3.6. Maabara ikiinua uwezo wake hadi kutambua asilimia 90 ya wenye malaria na kuwaondoa kwa usahihi asilimia 95 ya wasio nayo, waliotambuliwa ni 18 na majibu chanya ya uongo yanashuka hadi 49.

Tukikadiria dawa kwa Sh200 kwa mtu, watu 328 walioepushwa na dawa wasiyoihitaji ni Sh65,600, au Sh66 kwa kila mgonjwa aliyepimwa. Hiyo ni asilimia 60 ya zile Sh110, kutokana na dawa ya ugonjwa mmoja pekee. Haijahesabiwa nimonia iliyoachwa bila tiba kwa sababu karatasi ilisema malaria. Takwimu za 2006 ni za zamani, na vipimo vya haraka vimechukua nafasi kubwa ya hadubini tangu hapo. Hesabu inabaki na funzo lake: palipo na ugonjwa mchache, kosa dogo la kipimo huzaa wagonjwa wengi wa uongo.

Hata jibu sahihi linahitaji kulinganishwa na viwango sahihi. Mwaka 2008 watafiti walichapisha viwango vya kawaida vya damu kutokana na watu wazima zaidi ya 1,500 wa mashamba ya chai ya Kericho. Baadhi, kama hemoglobini na seli za neutrofili, vilitofautiana na vya Marekani vinavyochapishwa kwenye fomu nyingi. Kuunda viwango vipya kunahitaji angalau watu 120 wenye afya kwa kila kundi. Kuhakiki vilivyopo kunahitaji 20, na wasizidi 2 nje ya mipaka. Kwa Sh500 kwa mtu, uhakiki ni Sh10,000. Katika kazi zote za ubora zilizotajwa hapa, ni vigumu kupata iliyo nafuu kuliko hiyo.

Nani analipa kesho

Kontroli na upimaji linganishi katika mfano wetu ni Sh2,400,000, na sehemu kubwa ya bidhaa hizi hutoka nje kwa bei ya dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia Sh160. Tangu Agosti mwaka huo imekaa karibu na Sh129. Kama bidhaa zote hizo zinafuata dola, kurudi kwa kiwango cha 160 kungeongeza asilimia 24, yaani Sh577,000 hivi. Hiyo ni karibu ada nzima ya ithibati, bila maabara kufanya kipimo kimoja cha ziada.

Chanzo cha pili cha mashaka ni ufadhili. Programu nyingi za kulea maabara za serikali nchini zimebebwa na fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili kuikagua. Kontroli nyingi zikishafunguliwa na kuyeyushwa hudumu siku au wiki chache, kwa hiyo bajeti yake haiwezi kungoja siku 90. Kwa upande wa ndani, Sheria ya Fedha za Kuboresha Vituo vya Afya ya 2023 inaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayokusanya. Kwa maabara ya vipimo 60,000, kutenga Sh110 kwa kila kipimo ndani ya mapato hayo kungelipia mpango wote, mradi hospitali ilipwe madai yake kwa wakati.

Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu 2,162,202 katika sensa ya 2019. Kila mmoja akipimwa kipimo kimoja tu kwa mwaka katika maabara kubwa, ubora ungegharimu Sh238 milioni. Katika vituo vidogo vinavyojitegemea, kwa Sh367, ungegharimu Sh794 milioni. Tofauti ya Sh556 milioni inatosha kulipia pikipiki, sentrifuji na watu wa kuzitumia, na kubakisha chenji. Kwa hiyo mpango wenye mantiki ni mchanganyiko: vipimo vya dharura vibaki karibu na mgonjwa chini ya uangalizi uleule, kwa kuwa toleo la 2022 la ISO 15189 limejumuisha pia vipimo vinavyofanywa kando ya kitanda; sampuli za vinavyoweza kusubiri zisafirishwe, zikiwa zimetenganishwa.

Mjumbe wa Bunge la Kaunti anayeletewa ombi la fedha za ithibati anaweza kuomba takwimu nne kabla ya kupiga kura: gharama ya ubora kwa kipimo, idadi ya siku za mwaka uliopita ambazo kontroli zilikosekana, asilimia ya sampuli zilizokataliwa mapokezi pamoja na sababu, na orodha ya vipimo vitakavyofunikwa na cheti. Maabara inayosimamia ubora ina majibu hayo kwenye faili tayari. Isiyo nayo ipewe fedha za kontroli na mafunzo kwanza, na ada ya ithibati mwaka unaofuata.